Vidole Vinavyosikiliza Hadithi

Sogea karibu, nikupeleke Iowa City, mji wa chuo kikuu huko Marekani. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Filamu zimeanza kusema juzi tu. Kabla ya hapo waigizaji walikuwa wakifumbua midomo bila sauti, na mpiga piano akiketi karibu na skrini kuwasindikiza. Sasa bastola inalia, mlango unagongwa, mwanamke anapiga yowe, na kila juma mamilioni ya watoto wanamiminika kwenye kumbi za sinema. Wazazi wana wasiwasi. Walimu wana wasiwasi. Wachungaji wanahubiri. Swali lao wote ni moja: picha hizi zinawafanya nini watoto wetu?

Majibu yalikuwa mengi na makelele yalikuwa mengi zaidi. Vipimo vilikuwa vichache. Ndipo wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Iowa, Wendell Dysinger na Christian Ruckmick, walipoamua kupima. Waliwaketisha watoto, vijana na watu wazima, wengine maabara, wengine ndani ya ukumbi wa sinema, wakaunganisha vidole vyao kwa nyaya na chombo chenye uwezo wa kuhisi umeme mdogo mno. Kisha filamu ikaanza.

Kwa nini vidole? Kwa nini wasingewauliza tu?

Hebu mwulize kijana wa miaka 12, mbele ya wenzake, kama ameogopa. "Mimi? Niogope nini?" Atajikaza kisabuni mpaka mwisho. Mtoto mdogo hana maneno ya kutosha ya kueleza. Na mtu mzima huulizwa akishatoka nje, wakati hofu ya dakika ya 15 imekwisha kufunikwa na kicheko cha dakika ya 70. Watafiti wale walitaka kujua yanayompata mtazamaji pale pale, sekunde kwa sekunde, kabla hajapata nafasi ya kuyapamba au kuyaficha. Na mwili una mahali ambapo haufichi.

Fungua kiganja chako ukitazame. Ukikiweka chini ya kioo cha kukuzia, utaona mistari ile inayoacha alama za vidole, na juu ya mistari hiyo vitundu vidogo vimejipanga. Kila kitundu ni mdomo wa tezi ya jasho. Mwili wa binadamu una tezi za aina hii kati ya milioni 2 na milioni 4, na hakuna mahali zilipobanana kama viganjani na kwenye nyayo.

Jasho la mgongoni na la kifuani kazi yake kubwa ni kuupoza mwili. Ukikimbia juani, linakutoka. Ukipumzika kivulini, linakauka. Jasho la viganja lina tabia tofauti. Hilo hufuata zaidi mambo yanayokugusa rohoni kuliko joto la hewa. Ndiyo maana unaweza kuwa umeketi kwenye chumba chenye ubaridi, unasubiri mwalimu aite jina lako ukasome mbele ya darasa, na kalamu ikaanza kuteleza mkononi. Wataalamu wengi wanadhani mwili ulijifunza jambo hili zamani sana kwa sababu ngozi yenye unyevu kidogo hushika vizuri kuliko ngozi kavu, na kiumbe anayekimbia hatari au kupanda mti anahitaji kushika vizuri. Hata paka anayo tabia hiyo. Mtishe paka, naye ataacha alama za unyevu sakafuni, kwa kuwa na yeye ana tezi za jasho chini ya nyayo zake. Lakini usimtishe kwa makusudi, umenielewa?

Anayefungua tezi hizo si wewe. Ubongo ukikutana na jambo unaloliona kuwa na uzito, hutuma habari kupitia neva ziitwazo simpathetiki, zile zile zinazouambia moyo uende mbio na mboni za macho zipanuke. Neva hizi hazingoji ruhusa. Unaweza kuuzuia uso usikunje ndita, unaweza kuuma mdomo usicheke, unaweza kuitawala sauti isitetemeke. Jaribu sasa kuziamuru tezi za kidole chako cha shahada zisitoe jasho. Huna hata pa kuanzia.

Basi umeme unaingilia wapi? Tabaka la juu la ngozi yako ni kavu, na umeme hupita humo kwa shida. Ila kupitia tabaka hilo kuna vijia vya jasho, na jasho lina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Fikiria shamba la mpunga lenye mamia ya mifereji inayotoka upande mmoja kwenda wa pili. Mifereji ikiwa mitupu, hakuna kinachovuka. Ikijaa michache, maji yanavuka kidogo. Ikijaa yote, maji yanavuka shamba zima kwa pamoja. Vijia vya jasho ndivyo vilivyo kwa umeme. Ubongo ukishtuka, vijia vingi vinajaa kwa wakati mmoja, na umeme unapita kwa wepesi, hata kabla hujaona tone lolote juu ya ngozi.

Siku hizi mtafiti hubandika vibandiko viwili kwenye vidole viwili vya mkono mmoja, akipaka chini yake ute wenye chumvi kidogo ili vishikane vizuri na ngozi. Kisha hupitisha umeme wa nusu volti. Betri ndogo ya rimoti ina volti 1.5, kwa hiyo huu ni theluthi moja tu ya nguvu hiyo, na mwenye kidole hasikii lolote. Chombo kinasoma jinsi ngozi inavyoupitisha umeme huo. Kipimo chake kinaitwa maikrosimensi, kutokana na jina la Werner von Siemens, mhandisi wa Kijerumani wa karne ya 19. Mtu aliyetulia mara nyingi huwa kati ya maikrosimensi 2 na 20. Kila mtu na kiwango chake. Akitokea kushtuka, mstari kwenye skrini ya mtafiti unapanda, pengine kwa sehemu tu ya maikrosimensi moja, kisha unashuka taratibu.

Na haupandi papo hapo. Habari inatoka kwenye ubongo, inapita uti wa mgongo, inafuata neva nyembamba mpaka kidoleni, na tezi nazo zinahitaji muda wa kusukuma jasho. Safari hiyo yote inachukua sekunde 1 hadi 3. Mlango ukibamizwa kwenye filamu sekunde ya 40, tafuta mlima wako kwenye sekunde ya 42. Asiyejua hili ataulaumu mlango kwa kosa la panya aliyepita kabla yake.

Jambo hili halikugunduliwa Iowa. Mwaka 1888 daktari wa Kifaransa, Charles Féré, alipitisha umeme mdogo kwenye ngozi ya mgonjwa akaona kwamba kiasi kinachopita kinabadilika pale mgonjwa anapoonyeshwa au kusikilizishwa kitu cha kumgusa. Miaka miwili baadaye mwanasayansi wa dola ya Urusi, Ivan Tarchanoff, akaonyesha kuwa hata bila kuingiza umeme wowote kutoka nje, ngozi yenyewe ina umeme wake mdogo unaobadilika mtu akisisimka. Kisha, mjini Zürich, Uswisi, daktari kijana aitwaye Carl Jung akakitumia kipimo hicho kwa namna yake. Alimsomea mtu orodha ya maneno, moja baada ya lingine: maji, meza, kifo, na kadhalika. Chombo cha wakati ule kilikuwa na kioo kidogo kilichorusha doa la mwanga ukutani, na umeme ukiongezeka doa linasogea. Neno la kawaida likitajwa, doa linatulia. Neno lenye kidonda likitajwa, doa linakimbia, ingawa mtu amekaa kimya. Mwaka 1907 Jung na mwenzake kutoka Marekani, Frederick Peterson, walichapisha walichokiona.

Kwa hiyo Dysinger na Ruckmick walikuwa na chombo kilichokwisha kujulikana. Jipya lao lilikuwa kukipeleka mbele ya filamu na kukiweka kwenye vidole vya watoto. Uchunguzi wao ulikuwa mmoja kati ya chunguzi kadhaa zilizolipiwa na shirika la Payne Fund, nao ulitoka kitabuni mwaka 1933.

Walichokikuta kinastahili utulie ukisikilize. Kwenye matukio ya hatari, watu kufukuzana, kupigana, kukaribia kufa, mishtuko mikubwa zaidi ilikuwa ya watoto wadogo, wale wa kati ya miaka 6 na 12. Umri ukipanda, mshtuko unapungua. Kwenye matukio ya mapenzi mambo yalikuwa kinyume: wadogo walitazama mabusu bila habari, nao wenye miaka kama 16 ndio mistari yao ilipanda kuliko ya wengine wote. Watu wazima walikuwa wametulia kwenye yote mawili kuliko vijana hao.

Kwa nini mtu mzima alitulia? Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu mzima anapotazama, anapunguza. Anajua yule anayening'inia kwenye jabali ni mwigizaji anayelipwa, kwamba chini yake pengine kuna godoro, kwamba nyota wa filamu hafi kabla ya mwisho. Kila anachokiona anakitoza punguzo. Mtoto wa miaka 7 hana hazina hiyo ya kutoa punguzo. Kwake jabali ni jabali. Watu wawili wameketi viti vya jirani, wanatazama picha ile ile, na bado hawajaona filamu moja. Mimi naliona hilo kuwa jambo zito kuliko yote yaliyoandikwa kwenye kitabu kile, kwa sababu mtu anayechagua cha kutazamwa nyumbani kwa kawaida ni mkubwa, naye anachagua kwa kupima moyo wake mwenyewe.

Lakini ngoja. Usije ukadhani chombo hiki kinasoma mawazo.

Kule Chuo Kikuu cha Florida, mtafiti Peter Lang na wenzake walikusanya picha nyingi za kila namna: maua, nyoka, watoto wachanga, majeruhi, chakula, kikapu kitupu. Waliwaonyesha watu, wakawauliza mambo mawili kuhusu kila picha. La kwanza, inapendeza au inachukiza? La pili, imekuamsha kiasi gani? Huku wanapima vidole. Matokeo waliyochapisha mwaka 1993 yalikuwa wazi: jasho la vidole lilifuata jibu la pili. Picha iliyomwamsha mtu ilipandisha mstari, iwe ya furaha au ya kutisha. Kikapu hakikumwamsha mtu.

Maana yake ni hii. Timu yako ikifunga bao dakika ya 90, mstari unapanda. Mbwa mkali akikurukia, mstari unapanda. Ukiwaonyesha watafiti hiyo milima miwili bila maelezo, hakuna hata mmoja atakayekwambia upi ni wa bao na upi ni wa mbwa. Kidole kinajua kiasi. Aina hakijui. Ukikohoa, mstari unapanda. Ukivuta pumzi ndefu, unapanda. Kwa hiyo mtafiti makini huandika kila kikohozi, huangalia joto la chumba, hupima moyo na misuli ya uso pia, na mwishoni hurudi kwenye jambo la kale kuliko yote: anamwuliza mtu alihisi nini.

Hapo ndipo wengi walipopotea. Chombo kiitwacho mashine ya kugundua uongo hupima pumzi, shinikizo la damu na jasho la vidole. Mwenye hatia akiogopa anatoa jasho. Asiye na hatia akiogopa kusingiziwa anatoa jasho lile lile. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilizichambua kwa kina mashine hizo na kuonya kwamba hazifai kutegemewa katika kuwachuja wafanyakazi kwa ajili ya usalama wa nchi. Jasho halina ushahidi wa uongo. Lina ushahidi wa kuamka tu.

Sasa nije kwenye jaribio ninalolipenda kuliko mengine, kwa kuwa linatuhusu sisi tunaosimulia.

Richard Lazarus alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley. Yeye na wenzake walitumia filamu ya kufundishia usalama kazini, inayoonyesha ajali kwenye karakana ya useremala: mashine za kupasulia mbao, mikono inayokaribia msumeno, na vidole vinavyokatwa. Ni filamu ya kuumiza macho, na walioitazama huku wamefungwa nyaya walionyesha mlima pale ajali ilipotokea. Kwanza walitaka kujua kama maneno yanaweza kuushusha mlima huo. Kabla ya filamu, baadhi ya watu waliambiwa kwamba wanaowaona ni waigizaji na hakuna aliyeumia. Wengine waliambiwa waitazame kwa jicho la mchambuzi, wachunguze jinsi wafanyakazi wanavyoshughulika wao kwa wao. Makundi hayo mawili yalishtuka kidogo kuliko kundi lililoelezwa tu yatakayotokea. Filamu ile ile, vidole vya namna ile ile, lakini sentensi chache za mwanzoni zilibadilisha kiasi cha jasho. Hayo yalichapishwa mwaka 1965.

Kisha, mwaka 1968, likaja swali ambalo kila bibi msimulizi alikwisha kulijibu bila chombo chochote. Kipi kinamtikisa mtu zaidi: ajali inayomjia ghafla, au ajali anayoiona inakuja? Watafiti waliichukua filamu ya karakana wakaikata kwa namna mbili. Katika toleo moja waliacha sekunde zote za kungoja: unauona mkono, unauona msumeno, unaujua mwisho, na mkono unaendelea kusogea. Katika toleo la pili walizikata karibu sekunde zote hizo, na ajali ikatokea pap!

Wengi wangedhani ile ya ghafla ndiyo mbaya zaidi. Vidole na mioyo vilisema vingine. Waliongojeshwa ndio waliotikisika zaidi, na sehemu kubwa ya kupanda kwa mstari ilitokea kabla ya ajali yenyewe. Msumeno ulipofika kwenye kidole, jasho lilikwisha kutoka.

Ndiyo maana msimulizi hodari, zimwi likishafika mlangoni, hasemi haraka kwamba limeingia. Anasema limebisha hodi. Ananyamaza. Anasema limebisha tena, na wasikilizaji wanaanza kujikunyata. Watengeneza filamu wanajua mbinu hiyo hiyo: ngazi za giza, mlango ulioachwa wazi kidogo, muziki unaopanda pole pole. Wewe ukitazama, hofu unaitengeneza mwenyewe ndani ya kungoja kule, naye mwenye filamu amekupa nafasi tu.

Nimetaja muziki. Huo nao umepimwa, na mahali pamoja ni ndani ya msitu wa Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville. Huko wanaishi Mbenzélé, watu wa msituni wanaosifika kwa kuimba sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Karibu kila mtu kwao ni mwimbaji. Mtafiti Nathalie Fernando wa Chuo Kikuu cha Montréal alikuwa akiifahamu jamii hiyo, na yeye pamoja na Hauke Egermann, Stephen McAdams na wenzao walibeba vyombo vyao mpaka msituni. Wambenzélé 40 waliketi wawili wawili wakasikiliza vipande 19 vya muziki: 8 vya kwao na 11 vya Magharibi, vikiwemo vya filamu. Baadaye, mjini Montréal, Wakanada 40 walisikiliza vipande hivyo hivyo. Wote walipimwa, jasho la vidole likiwemo, na wote walionyesha kwa mkono wanavyojisikia kadiri muziki ulivyoendelea.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Muziki wa Magharibi ambao Wakanada waliuona wa kuamsha uliwaamsha Wambenzélé pia, na ule waliouona wa kutuliza uliwatuliza vilevile. Kasi ya mdundo, juu na chini ya sauti, na ukali wake viligusa miili ya makundi yote mawili kwa namna inayofanana. Lakini kuhusu kama muziki ni wa furaha au wa huzuni, hapo njia zilitengana. Wakanada waligawa vipande vya kwao: huu wa raha, huu wa majonzi, huu wa kutisha. Wambenzélé walipoisikiliza miziki yao wenyewe waliiona yote kuwa mizuri na yenye kuchangamsha. Kwao wimbo huimbwa ili kuweka mambo sawa kati ya watu na msitu, na hisia mbaya ndizo wimbo unazopaswa kuziondoa.

Unaona jinsi mambo yanavyorudi pale pale? Kuamka ni jambo la mwili, nao miili yetu ina undugu mkubwa. Kuita kuamka huko furaha au huzuni ni jambo tunalofundishwa na mama, na mji, na nyimbo tulizokulia.

Habari za televisheni nazo hazikuachwa. Watafiti Stuart Soroka, Patrick Fournier na Lilach Nir waliwapima watu 1,156 katika nchi 17 za mabara sita, Ghana na Senegal zikiwemo, wakitazama taarifa za habari za BBC, nyingine njema, nyingine mbaya. Kwa wastani, habari mbaya zilitikisa vidole kuliko habari njema. Matokeo hayo ya mwaka 2019 yanasaidia kueleza kwa nini taarifa nyingi huanza na ajali, moto na vita. Hata hivyo wastani huficha mengi. Ndani ya kila nchi watu walitofautiana sana, na wako ambao hawakuonyesha kabisa mwelekeo huo. Mhariri anayesema "watazamaji wanataka mabaya tu" anawasingizia wengi.

Na je, mtu akitazama ngumi na bunduki kila siku, vidole vyake vinazoea? Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani waliwaonyesha watoto wa miaka 8 hadi 10 filamu: baadhi tamthilia ya polisi yenye mapigano, baadhi mchezo wa voliboli. Kisha wote wakaonyeshwa ugomvi wa watoto wadogo, wakaaminishwa kuwa ni wa kweli. Waliotoka kutazama mapigano walishtuka kidogo kuliko waliotoka kwenye voliboli. Tangu hapo yamefanywa majaribio mengine, mengine kwa michezo ya kompyuta, na mjadala haujaisha. Mimi nakusihi ukumbuke mpaka wa chombo. Mstari mfupi haukuambii kuwa mtoto amekuwa katili. Mwuguzi wa chumba cha majeruhi naye amezoea damu, na huruma yake ndiyo inayomfikisha kazini. Ila mstari unaozidi kufupika ni sababu ya kutosha ya mkubwa kuketi na mtoto na kuuliza anaelewa nini juu ya anayoyaona.

Zamani chombo hiki kilijaza meza. Leo kipo ndani ya saa za mkononi na bangili, na wanaotengeneza matangazo hukitumia kujua ni sekunde gani ya tangazo iliyokuamsha. Kwa hiyo huenda siku moja mtu akakuomba vidole vyako, shuleni, chuoni, au kupitia saa utakayovaa. Katika utafiti wa heshima, mtoto hapimwi bila ruhusa ya mzazi au mlezi, naye mwenyewe huulizwa kama anakubali, na anaweza kuacha katikati bila kueleza sababu. Mtu akikuomba, mwulize anataka kujua nini, nani atakayeuona mstari wako, na utahifadhiwa wapi. Ukiona hujaridhika, kataa. Ukikubali, usitoke pale kabla hujamwambia kwa kinywa chako ulichohisi, hata kama hajakuuliza.